Uzi wa Bibi Dzatugbe

Sogeeni. Mwenye simu aizime, maana hadithi hii haina picha. Mwenye usingizi naye alale sasa hivi, kwa kuwa nikifika mwisho nitamwamsha anipe jawabu lake. Jawabu nalitaka kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mimi sinalo.

Palikuwa na watu watatu. Senyo alikuwa na miguu. Tangu utotoni, ukimtuma chumvi ng'ambo ya ziwa, anarudi mate yako hayajakauka. Yayra alikuwa na sauti. Akiimba kanisani, hata wale waliokuja kwa ajili ya wali wa baada ya ibada huacha kutazama mlango. Mawuko alikuwa na mashine, katapila la manjano lenye kijiko kikubwa mbele, na alijigamba kwamba kwa kijiko kile angeweza kuokota yai lisivunjike. Hakuna aliyewahi kumpa yai, lakini tumwamini. Watu hawa watatu walimfanyia mwanamke mmoja kazi moja, na mwanamke huyo alikuwa na uzi mmoja tu wa kuwatuza.

Mwanamke mwenyewe ni Bibi Dzatugbe wa Yibokofe, kitongoji cha Waewe kule kusini mashariki mwa Ghana, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ulioachwa kati ya ziwa la maji chumvi na bahari. Alilima vitunguu vidogo vyekundu, matuta manane, akivimwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Akimaliza vitunguu alikwenda kufagia ua wa nyumba ya mizimu ya ukoo wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wake.

Zamani nyumba ile ilikuwa na kuhani, wapiga ngoma, na wasichana waliowekwa ndani mwaka mzima wakifundwa nyimbo na lugha ya mizimu. Ikaja shule, likaja kanisa, yakaja mabasi ya Accra, na kila kimoja kikaondoka na watu wake. Kuhani alipokufa, mwanawe aliyepaswa kurithi alikuwa shemasi mjini. Akatuma salamu za rambirambi na picha yake akiwa na tai. Akabaki Bibi Dzatugbe na fagio lake, na chungu cha maji kilichokaa kizingitini, ambacho hakikutakiwa kukauka hata siku moja. Sheria ya chungu kile ilikuwa fupi: mkono wa mtunzaji peke yake ndio unaoingia mle.

Alikuwa na mwana mmoja, Elikem. Elikem na Senyo, watoto wa ukoo mmoja na jirani wa mlango kwa mlango, waliondoka pamoja kwenda kuvuka jangwa kutafuta maisha. Miaka miwili ikapita, kisha simu ikalia.

"Mama Elikem," alisema Senyo, "kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama katikati ya vitunguu, na alibaki amesimama hadi kopo la maji likamdondoka. Elikem alikuwa amekufa kwa homa katika kambi ya wasafiri waliokamatwa, nchi ya mbali kaskazini, na wenye kambi walikuwa wamemzika jioni ile ile.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye shina la hadithi. Watu wa Yibokofe wana desturi yao. Anayefia mbali, nywele zake na kucha zake huletwa nyumbani zikazikwa chini ya kizingiti cha nyumba ya mizimu. Kisha mtu wa damu yake, aliyefundwa ndani ya ua ule, humwita kwa wimbo aje. Akishafika, jina lake hutajwa kila maji na unga wa mahindi vinapomwagwa chini, na siku moja hurudi, akazaliwa upya katika mtoto mchanga. Asipoitwa hatajwi, na asipotajwa harudi. Anabaki kuzurura huko alikofia, kwa watu wasiojua hata jina lake.

Na mama mzazi haruhusiwi kumwita mwanawe. Wanasema atamwita kwa kilio, na aliyeitwa kwa kilio huja kumchukua aliyemwita. Bibi Dzatugbe angekubali kuchukuliwa siku hiyo hiyo, bila kuuliza kitu. Lakini akiondoka yeye, nani atajaza chungu? Nani atamtaja Elikem?

Senyo alikuwa ameahidi kwenye simu: "Nimekata nilichoweza kukata. Namleta." Bibi akangoja. Akangoja mwaka, na mwaka wa pili ukaanza, akila kidogo na kulala kidogo, akiwa na hofu moja tu, kwamba atakufa kabla mwanawe hajafika.

Jumatatu moja kiongozi wa ukoo, Togbi Fiagbe, akamwita. Togbi ni jina la heshima, nalo mzee huyo alilipenda sana. Alimwambia kwamba barabara mpya ya kwenda darajani inapita pale penye nyumba ya mizimu. Wazee walikwisha kutia sahihi. Mashine ingekuja Alhamisi.

"Vigoda vya mababu tutavihifadhi gerejini kwangu," alisema Togbi. "Pamesakafiwa vizuri."

"Pale penye friji?"

"Friji lenyewe limekufa, halitavisumbua."

"Togbi, nipe wiki moja. Senyo yuko njiani na mwanangu."

"Senyo yuko njiani tangu mwaka juzi." Mzee alishusha sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kuonekana wa zamani. "Dada yangu, nyumba ile imekufa. Wewe ndiye uliyeikatalia tu kuzikwa."

Bibi Dzatugbe alitoka pale akihesabu siku. Zilikuwa zimebaki siku tatu, Senyo hajulikani aliko, na hata angefika leo, wa kuimba hakuwepo. Mwanamke wa mwisho aliyeujua wimbo wa kuita, ukimwondoa yeye mwenyewe, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Hapana, nimesema uongo. Alikuwepo mmoja.

Yayra alikuwa binti wa kaka yake Bibi Dzatugbe. Alipokuwa na miaka tisa aliwekwa ndani ya ua ule, akafundwa mwaka mzima, kabla baba yake hajamtoa na kumpeleka shule. Sasa alikuwa kiongozi wa kwaya ya kina mama, mke wa mzee wa kanisa, na mjamzito wa miezi sita baada ya kupoteza mimba tatu. Bibi alimkuta siku ya Jumanne akipiga pasi majoho ya kwaya.

"Shangazi, usiniombe," alisema Yayra kabla hajaombwa. "Unajua nitasemaje."

"Nakuomba hata hivyo."

"Nilibatizwa nikaahidi mbele ya watu. Na mume wangu ameniambia wazi, nikikanyaga ua ule nisirudi kwake." Akaweka pasi chini. "Na hiki tumboni, Shangazi. Safari hii kanisa zima limekiombea. Nikifanya hivyo kisha kikaondoka kama wale wengine, nitamlaumu nani?"

Bibi alimshika tumbo kidogo, kama wanavyofanya mashangazi, akaenda zake. Njiani alilia waziwazi, mchana kweupe, na waliomwona wakageuza nyuso.

Jumatano simu ikalia. Ilikuwa ya kuazima, na sauti ilikuwa ya Senyo. Alikuwa mpakani mwa Togo.

"Kesho, Mama Elikem. Sina nauli, na mguu wangu si mzima. Lakini kesho."

Niwaambieni miguu ya Senyo ilivyofanya kazi. Alikuwa amekiweka alichokata katika kibati kidogo cha dawa ya kuchua, kile chekundu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Akatoroka kambini, akafanya vibarua vya mashamba, akakamatwa, akatoroka tena. Katikati ya jangwa wenye bunduki walisimamisha lori alilopanda na wasafiri wengine, wakawavua viatu, makoti na simu. Senyo alikitia kibati shavuni. Wakamwuliza jina, akanyamaza. Wakadhani ni kiburi, wakampiga hadi jino likang'oka, na mdomo hakuufungua. Lori likawaacha. Alitembea siku nne bila viatu juu ya changarawe ya moto, mguu ukaoza, na katika zahanati moja wakamkata vidole vitatu. Yule kijana wa kutumwa chumvi alirudi kwao akichechemea na fimbo. Lakini alirudi, na kibati alikuwa nacho.

Alhamisi asubuhi, kabla Senyo hajafika, katapila lilifika. Bibi Dzatugbe alikuwa ameketi kizingitini, chungu kati ya miguu yake. Ukoo mzima ulikuja kutazama, na Togbi Fiagbe akiwa mbele, amevaa saa.

Mawuko, dereva, alikuwa wa kabila la Waewe kama wao, ila wa kule milimani karibu na mji wa Ho, ambako nyumba za mizimu zilichomwa enzi za babu zake. Hakujua kitu. Alishuka, akachuchumaa mbele ya ajuza yule.

"Mama, unangoja nini hapa?"

"Namngoja mwanangu."

"Anafika saa ngapi?"

"Leo. Alikufa mwaka juzi."

Mawuko hakucheka. Bibi akamweleza yote kwa maneno machache, na nyuma yao msimamizi wa kazi akapiga kelele kwamba barabara haingoji wafu, asukume. Mawuko alikuwa na mke mjamzito nyumbani na kazi aliyoisubiri miaka mitatu. Akanyanyuka. Akachomoa ufunguo wa katapila, na kwa kuwa hakujua pengine pa kuuweka ambapo hautachukuliwa haraka, akautumbukiza chunguni.

Watu wakarudi hatua moja nyuma.

Msimamizi alikuwa mzaliwa wa pwani ile ile. Alikiendea chungu, akakunja mkono wa shati, akasimama. Akamwambia Togbi Fiagbe autoe. Togbi, aliyetangaza Jumatatu kwamba nyumba ile imekufa, alitazama saa yake. Akaitwa mzee wa kanisa, mume wa Yayra, mtu aliyehubiri mara nyingi kwamba vyungu ni udongo tu. Akasema mgongo unamuuma, hawezi kuinama. Wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyetia mkono. Nyinyi mnacheka. Mngekuwepo mngetia?

"Bibi, tupe ufunguo," alisihi msimamizi.

"Nitautoa mwanangu akifika."

Saa nane mchana Senyo alipita mbele ya kanisa, ambako kina mama walikuwa katika mazoezi ya kwaya. Hakuomba wimbo. Aliomba maji, kwa kuwa asingeweza kufika bila kunywa. Yayra ndiye aliyemletea. Akauona mguu. Akaliona pengo la jino. Akamwona anavyokunywa bila kukiachia kibati kilichokuwa katika ngumi yake, na hapo akajua ni nani aliye ndani ya ngumi ile, binamu yake aliyekuwa akimpandisha mabegani kuvuka maji. Aliacha kitabu cha nyimbo kwenye benchi, akavua viatu, akamfuata nyuma.

Bibi Dzatugbe alimwona Senyo kwanza, kisha nyuma yake akamwona Yayra peku, joho limeshushwa mabegani kama ua ule unavyotaka. Akasogeza miguu, akawaachia kizingiti.

Senyo alichimba kwa mikono chini ya kizingiti, akafukia kibati. Yayra akaimba. Aliimba kwa lugha ambayo vijana hawakuielewa hata neno, na wazee waliangalia chini, kwa sababu wao waliielewa yote. Alimwita Elikem kwa majina yake yote, akamwonyesha njia mji kwa mji, akamwambia maji yako tayari. Mume wake alikuwa amesimama pale pale. Yayra alimwona na hakunyamaza. Bibi Dzatugbe alijifunika kinywa kwa mikono miwili ili kilio kisitoke.

Ulipokwisha wimbo, alitia mkono chunguni, akautoa ufunguo ukidondoka maji, akampa Mawuko. "Sasa fanya kazi yako," alisema.

Mawuko alipanda, akawasha, akateremsha kijiko. Hakusukuma. Alikiingiza kijiko taratibu chini ya kizingiti, akakinyanyua chote, na udongo wake, na kibati, na chungu kimekaa juu bila kumwaga tone. Akavuka nacho kitongoji kizima, mita mia tatu, msimamizi akimkimbilia pembeni na kutukana, akakiweka mwisho wa matuta ya vitunguu ya Bibi Dzatugbe. Barabara ilipita. Mizimu ya ukoo ikahamia kwenye vitunguu, na iko huko hadi leo.

Kila mmoja alilipa. Senyo alikuwa amelipa njiani. Mawuko alifukuzwa kazi jioni ile ile. Yayra alimrudishia joho mchungaji, ambaye alilipokea kwa huzuni ya kweli, na mume wake akampelekea nguo zake ndani ya begi kwa shangazi yake.

Zilipita palizi mbili za vitunguu, kama miezi miwili na nusu. Kazi ya kungoja ilikuwa imekwisha, na mwili wa Bibi Dzatugbe, uliokuwa umeshikiliwa na kazi hiyo, ukaachia. Akalala na hakuinuka tena. Akawaita wote watatu, kwa sababu desturi ilikuwa imebakiza jambo moja.

Aliyemleta marehemu nyumbani hufungwa mkononi uzi wa shanga tatu za buluu, na mkono wa kuufunga ni wa mama wa marehemu, au haufungwi kabisa. Katika nyumba ya mwenye uzi ndimo marehemu anamorudi, kwa mtoto wa kwanza kuzaliwa humo. Haukatwi, wala hauzungushwi nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja hazaliwi mara tatu.

Bibi aliwatazama. Yayra alikuwa karibu kujifungua. Mke wa Mawuko, kule milimani, tumbo lake lilikuwa limekwisha kuonekana. Afi, mke wa Senyo, aliyemngoja mumewe miaka mitatu na zaidi bila mtoto, alikuwa na miezi miwili. Bibi alikuwa ameamua. Akaunyosha uzi kwa Senyo.

Senyo akaurudisha nyuma mkono wake.

"Mama Elikem, kuna jambo sikukwambia. Kambini walitunyoa wote kwa ajili ya chawa. Alipokufa kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Nilipata kucha tu. Na desturi inataka vyote viwili, la sivyo hapokelewi. Mimi nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota." Akagusa utosi wake. "Nikakata zangu."

Kila mtu aliyezaliwa Yibokofe anajua kwamba mwenye nywele zilizozikwa kizingitini amehesabiwa na wafu. Senyo alikuwa amejizika mwenyewe, akiwa hai, ili mwenzake asigeuzwe mlangoni. Au alikuwa amemdanganya mama, na nusu ya aliyeitwa siku ile hakuwa mwanawe. Chagueni nyinyi. Bibi Dzatugbe alimchukia kijana yule, na papo hapo akampenda kuliko alivyowahi kumpenda.

Afi, aliyekuwa amefuatana na mumewe, akapiga magoti. "Mama, ukiufunga kwingine, ndani ya uzi ule yumo na mume wangu. Atazaliwa kwa watu wengine, na mimi nitabaki na nani?"

Mawuko, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, alisema polepole, "Mimi sistahili, si mtu wa ukoo. Lakini kwetu walichoma kila kitu, Mama. Mtoto akizaliwa kwetu hakuna wa kutuambia ni nani amerudi. Wote wanakuja wageni. Mngenipa huyo mmoja tungemjua jina."

"Na wewe?" Bibi alimwuliza Yayra.

Yayra alikuwa ameshika tumbo. "Mimi naamini kwingine, Shangazi, hata sasa. Sikuimba ili nipewe." Kisha sauti ile nzuri ikakatika. "Ukinipa, kanisa halitanipokea tena kamwe. Usiponipa, nimetupwa bure. Na huyu akitoka kama wale watatu, sijui nitamwomba nani."

Bila Senyo pasingekuwa na cha kuzika. Bila Mawuko pasingekuwa na pa kuzika. Bila Yayra asingeitwa mtu. Bibi Dzatugbe alikuwa amesota ili mwanawe aitwe, hakujua kwamba lililo gumu zaidi ni kusema arudi wapi. Pumzi zilikuwa zimebaki chache, naye alizisikia zikimwishia. Aliushika uzi kwa mikono miwili, akaomba ainuliwe aketi.

Aliyenisimulia aliishia hapo, akaniuliza mimi, nami nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Kwa hiyo nawaachia nyinyi. Uzi ni mmoja, mikono ni mitatu, na mama anawatazama akingoja mmwambie. Haya, wewe uliyekuwa ukicheka pale kwenye chungu, anza wewe. Ungeufunga mkono wa nani?